Sauti Iliyotorokea Dirishani

"Basi sema wewe, kama mdomo unakuwasha," Shangazi alimwambia mwanawe, na pasi ikatua juu ya ukosi wa shati kwa kishindo. "Mimi simu hiyo siigusi."

"Mama, mimi nilishasema jana. Walinijibu nini? Walisema nikae pembeni, wanamtaka Shangazi."

Hilo lilikuwa kweli. Tofali alikuwa kijana wa kupanga matofali mchana na kutwanga ngoma jioni, mwenye mikono ya kuangusha ukuta, lakini ulimi wake ulikuwa mzito kama zege bichi. Jana aliishika simu ya bendi, akawatangazia mashabiki wa Nyundo Tatu kwamba mambo yanakwenda vizuri, kwa sauti ya mtu anayetangaza kukatwa kwa maji. Waliokuwa na wasiwasi kidogo wakawa na wasiwasi mwingi. Waliokuwa hawana wakaupata.

Shangazi aligeuza shati upande wa pili. Lilikuwa shati jeusi la jukwaani la Radi, mwimbaji wa bendi na mtoto wa kaka yake, na tangu asubuhi alikuwa amelipiga pasi, akalikunjakunja mwenyewe kwa vidole, akalipiga tena. Hakutaka mikono yake ikae bure.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kazi hiyo hiyo: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, waya kutoka ukuta hadi ukuta zenye nguo za watu, na nyuma ya mlango wa mbao, stoo ambamo Nyundo Tatu walipigia roki yao. Wateja walivumilia kwa sababu hakuna aliyenyoosha suruali kama Shangazi. Mistari yake ungeweza kukatia mkate. Lakini walivumilia mengi. Siku Tofali alipoleta ngoma kubwa kuliko zote, mashati yote yaliyokuwa yakining'inia yalifunguka vifungo yenyewe, na koti la mwalimu mkuu likashuka kwenye waya, likaenda kusimama mlangoni kumngoja mwenyewe. Mwalimu mkuu hajawahi kukanusha.

Kazi ya kuwapa mashabiki habari ilimwangukia Shangazi kwa sababu vijana wenyewe walikuwa wasahaulifu. Walipiga muziki, wakatoka jasho, wakalala. Nani angejua kama wana wimbo mpya? Nani angejua watapiga wapi? Shangazi na herufi walikuwa hawasalimiani, lakini simu ilikuwa na kile kidude cha kuongelea. Ukikibana kwa dole gumba inakusikiliza, ukikiachia maneno yanakwenda. Akabana. Na tangu siku ile hakuwahi kukosa la kusema, maana habari zake zilikuwa mifukoni.

Ndivyo alivyofanya kazi. Kabla nguo ya mwanabendi haijaguswa na pasi, alipindua mifuko yake. Akikuta waya wa gita umekatika, mashabiki walisikia kwamba Radi alipiga kwa hasira, waya ukaruka barabarani ukanyofoa kofia ya askari. Akikuta unga wa saruji, walisikia kwamba ngoma ya Tofali iliomba radhi. Kwa Kimya, mpiga besi, ambaye mchana alitengeneza friji za watu na ambaye kumtoa neno ilikuwa kama kumtoa jino, alikuta skrubu. Mashabiki wakasikia kwamba besi lake lilipotea, likaja kuonekana ndani ya friji ya mteja, limejikunyata linapunga upepo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walikuwamo hata wasioipenda roki, wanaosema ni makelele ya mabati, ila asubuhi bila Shangazi chai haikuwashuka. Na katikati ya chumvi yote ile, ukweli uliofaa ulikuwamo: wimbo mpya, ukumbi gani, siku gani.

Sasa simu ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, na Shangazi alikuwa ameliwekea kopo hilo kifuniko, na juu ya kifuniko ameweka jiwe.

"Jiwe la nini, Mama? Simu haina miguu."

"Ina mdomo."

Tofali aliangalia dari. Akamkumbusha, kwa upole wa mtu aliyebakiwa na upole kidogo, kwamba onyesho ni Jumamosi, kwamba mashabiki wameachwa gizani, na kwamba mtu akiachwa gizani huanza kuona majini. Kisha uvumilivu ukamwisha. "Si wewe uliyewatangazia kwamba sauti ya Radi imetoroka? Watangazie basi imefika wapi."

Hakutaka kuuma, lakini aliuma. Shangazi alisimamisha pasi. Kimya, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akifuta nyuzi za besi, aliinamisha kichwa kama mtu aliyeona gari likielekea ukutani.

Maana jambo lilikuwa hilo hasa, na chumba kizima kililijua.

Mifuko ya Radi ilikuwa imesema mapema. Mara ya kwanza zilitoka karatasi mbili tatu za pipi za koo. Mara ya pili zilijaa kiganja. Mara ya tatu suruali nzima ilichakarika kama imeshonwa kwa majani makavu. Mwanamke mwingine angeuliza, Baba, koo lina nini? Shangazi aliona hadithi. Alibana kidude akawapasha mashabiki kwamba sauti ya Radi imechoka kupigishwa kelele, alfajiri imevaa viatu vya mwenyewe na kutorokea dirishani, na bendi nzima inaikimbiza sokoni na gunia. Atakayeiona aisalimie kwa adabu kisha afunge geti.

Haijapata kutokea habari iliyopendwa kama ile. Wiki nzima watu walileta taarifa: imeonekana juu ya bati, imeonekana ndani ya sufuria, imeomba lifti kwenye lori la mchanga. Hata Radi alicheka, ila kicheko kiliishia na mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta.

Wiki iliyofuata, Radi alipanda kreti lake sokoni, mahali alipokuwa akinadi viatu vya mitumba kila siku ya kazi. Akafungua mdomo kuwaita wateja. Hakikutoka kitu. Watu walidhani ni mbinu mpya ya biashara. Wengine walipiga makofi.

Daktari alikuta uvimbe mdogo kama harage umekaa kwenye sauti yenyewe, akaukata. Kisha akamkataza Radi kusema, hata kunong'ona, mpaka atakaporuhusiwa. Tangu hapo nyumba ikapoa. Kijana aliyekuwa akimwita kutoka kona ya barabara, "Shangaaazi!", mpaka kuku wa majirani wanasimama wima, sasa aligonga kikombe kwa kijiko. Na Shangazi, ambaye koo lake halikuwa na neno, akajikuta anamjibu kwa mikono. Walikaa mezani kama mabubu wawili wanaouziana ng'ombe.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuijaribu hiyo sauti mbele ya daktari. Radi alikuwa ameondoka asubuhi na skafu shingoni. Shangazi alipochukua mkoba amfuate, kijana alimnyooshea kiganja: peke yangu. Jua lilikuwa mezani alipoondoka. Sasa lilikuwa limepanda ukutani, na kijana hajarudi.

Hofu ya Shangazi ilikuwa na jina, nalo lilikuwa mdomo wake. Alikuwa amezikagua hadithi zake zote moja moja. Aliwahi kusema nguzo ya umeme itacheza. Upepo ukaja, ukaichezesha, ukailaza barabarani. Aliwahi kuwaambia mashabiki kwamba Tofali atakufa kwa mapenzi ya ngazi. Mwaka haujaisha Tofali akaleta mchumba, na mchumba huyo, ukitaka uamini usitake acha, alikuwa anauza ngazi. Kisha hili la sauti. Hapo ndipo alipoichukua simu akaizika kwenye vifungo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kaka yake alipofariki alimwachia mtoto anayenyonya. Hakuacha nyumba wala picha. Mtoto alipobalehe na sauti ikavunjika, siku moja aliita kutoka kona ya barabara, na Shangazi akaangusha kikapu cha nguo, kwa sababu ilikuwa sauti ya kaka yake, ileile, na mkwaruzo wake mwishoni. Kwa hiyo makelele yote yale ya mabati nyuma ya mlango wa mbao hayakumsumbua. Alikuwa akisikiliza kitu kingine ndani yake.

"Fungua dirisha, Mama," Tofali alisema. "Angalia mwenyewe unyamavu wako umezaa nini."

Shangazi alifungua bawa moja. Getini walisimama watu waliovaa fulana nyeusi zenye nyundo kifuani. Hawakuwa wakiongea. Msichana mmoja aliyechora macho kwa wanja mpaka masikioni alishika maua. Jamaa mmoja mnene alikuwa ameleta viti.

"Maua ya nini?" Shangazi aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitokea mbali.

Tofali alikohoa. Akasema kuna mtu ameandika kwamba Radi amefariki, na kwamba Shangazi kanyamaza kwa sababu ya msiba. Mwingine akaongeza siku. Mwingine akaongeza ugonjwa. Sasa hata mtaa wa pili wanajua alivyokata roho na alichosema mwishoni.

Kabla Shangazi hajalifunga dirisha, mama mmoja mpita njia, asiyewahi kumwona maishani, aliingiza mkono ndani, akamshika kiganja akakibana.

"Pole sana, dada. Mungu akupe nguvu."

Alitaka kusema hapana, lakini sauti haikutoka, na kwa kitambo akadhani sasa ni yake iliyoondoka. Mkono wa yule mama ulikuwa na joto, na joto lile ndilo lililomtisha zaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo watu walivyomshika siku ya kaka yake. Na kama wale wa nje wameshajua kabla yake? Na kama daktari kapiga simu kwa mtu, mtu kamwambia mtu, na yeye hapa anapiga pasi shati la marehemu?

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Kimya alikuwa ameshainyanyua pasi. Kwenye kifua cha shati jeusi palikuwa na alama ya pasi, imekaa sawasawa kama mguu wa mtu. Shangazi, tangu aingie kazi hii, hakuwahi kuunguza hata leso. Waliitazama alama ile wote watatu, na hakuna aliyepata mzaha.

"Lete kopo," alisema.

Tofali alitoa jiwe, akatoa kifuniko, akachimbua simu. Kifungo kimoja cha koti kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye kioo. Shangazi alikipangusa. Akasema atawaambia kweli, kweli tupu, hataitia chumvi hata punje, kwa sababu kweli ni kitu kilichokwisha kutokea na hakiwezi kutokea tena kwa kusemwa. Tofali alisema vyovyote, mradi aseme.

Haikuwa kazi rahisi. Maneno yake yalikuwa yamezoea kuvaa. Kuyatoa barabarani uchi kulimtia aibu. Alianza, akaachia, akaanza upya. Mwishowe aliwaambia kwamba Radi ni mzima, kwamba alikuwa na uvimbe kama harage kooni, kwamba daktari ameukata, kwamba hajasema neno tangu hapo na leo ndiyo siku ya kujua kama atasema. Akawaomba warudi majumbani. Hakumaliza na kituko. Hakumaliza na chochote; aliachia tu kidole, akaiweka simu mezani akiitazama kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Majibu yalianza kudondoka. Tofali alisoma, na kadiri alivyosoma sauti yake ilipungua.

"Wanasema nini?"

"Wanacheka, Mama."

Walikuwa wakicheka kweli. Walituma vile vikatuni vinavyotoa machozi kwa kicheko, mistari kwa mistari. Shangazi karudi! Harage kooni! Aulizwe daktari, harage hilo lilikuwa bichi au limeungwa nazi? Mmoja aliomba sauti ikikatwa vipande wagawiwe mashabiki. Na kutoka getini, kupitia dirishani, kicheko kiliwafikia moja kwa moja, kwanza kidogo, kisha kikubwa, cha watu waliotoka kwenye msiba wakakuta ni harusi.

"Angalau hawalii," Tofali alisema, na kwa kweli mabega yalikuwa yamemshuka.

Shangazi hakushuka bega wala nini. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Kama kweli ikitoka mdomoni mwake inageuka hadithi, basi hana tena mahali pa kusimama. Akisema uongo unakuwa kweli. Akisema kweli inakuwa uongo. Akinyamaza watu wanamzika kijana wake. Aliwaza haya akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja, asije akatoa kingine.

"Wa nje mmoja aende kliniki aangalie," alisema kupitia vidole. "Au nenda wewe. Jua limefika kwenye saa ya ukutani."

"Aliomba aachwe, Mama. Tungekuwa sisi tungeomba vilevile."

Hapo ndipo Kimya aliposema. Haikuwa kawaida, na Tofali aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia.

"Kama ni mdomo wako ulioifukuza," Kimya alisema, "si uiite?"

Akarudi kwenye nyuzi zake. Alikuwa amemaliza maneno yake ya mwezi.

Shangazi alishusha kiganja kutoka mdomoni. Wazo hilo halikuwa limempitia akilini, na sasa lilipompitia lilimwogopesha kuliko yote yaliyotangulia. Aliwaeleza, taratibu, kama anayeongea na watoto wadogo. Mpaka sasa anaweza kujidanganya kwamba ni bahati mbaya tu, nguzo na ngazi na sauti. Akiiita isije, atajua. Atajua mdomo wake unabomoa, haujengi. Na atamtazamaje mtoto wa kaka yake kila asubuhi, yule anagonga kikombe na yeye anajua?

"Na usipoiita?" Tofali aliuliza.

Mwanawe alikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini ukuta uliopinda aliuona.

Shangazi akaichukua simu. Dole gumba lilikuwa limelowa jasho likateleza mara ya kwanza. Akalifuta kwenye shati lililoungua, akabana.

"Wanangu," alisema, "kaeni mkao wa kusikia. Ile sauti imepatikana."

Tofali alifumba macho. Shangazi alisimama, kwa sababu hadithi hakuwahi kuisema amekaa, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi wale wa getini waliacha simu zao wakageuza masikio. Aliwaambia kwamba walikuwa wakiitafuta mbali, juu ya mabati na ndani ya malori, kumbe wakati wote huo imejificha chini ya mizani ya soko, na kila mfanyabiashara aliyepima kitu siku hizi alipunjwa kwa sababu yake. Kicheko. Aliwaambia ilikuwa imekonda, viatu vya mwenyewe vimeisha soli, imechoka kulala nje na kunong'ona kama mwizi. Kicheko tena, ila kilikuwa kidogo zaidi, maana katika sauti ya Shangazi mlikuwa na kitu kinachokwaruza. Leo hii imekuja kuchungulia dirishani, alisema, ikaona nguo yake imenyooshwa, ikaingia kuijaribu, na kwa haraka ikakanyaga kifuani. Alama ya mguu wake hii hapa, moto bado, mwenye macho aje aone. Aliliinua shati. Upepo wa dirishani ukalijaza, na kwa mbali lilionekana kama limevaliwa na mtu anayepumua.

"Haikuondoka kwa ubaya," alisema, na sasa hakuwa akiwaambia wa getini. "Ilitaniwa na mtu mzima asiye na adabu, ikaona haya. Huyo mtu anaiomba radhi. Anaiomba ipite njia ya kona, pale ilipozoea kuitia, isiogope watu. Na sasa hivi ninavyosema nanyi, wanangu, imeshavuka barabara, iko kwenye geti, inapita katikati yenu, mpisheni, mpisheni ipite, inafika mla—"

Ndipo alipogundua kwamba nje hakuna anayecheka. Hakuna kiti kilichokwaruza. Kimya, ambaye ukimya alikuwa akiujua vizuri, alishika nyuzi zote kwa kiganja zisije zikalia.

Pazia la mlango lilisogea. Radi aliingia na skafu yake shingoni na maua ya yule msichana mkononi, akiyashika kama mtu asiyejua ni ya nani. Alimwangalia binamu yake. Aliangalia shati na mguu wa moto kifuani. Kisha akamwangalia shangazi yake, aliyesimama mdomo wazi, neno limekatikia katikati, na dole gumba lake bado limebana.

Akaanza kuifungua skafu.